Laana ya Mzinga

Jumapili, 3 Agosti 2025

Leo nimetoa ushuhuda, kanisa nzima ikasimama! Hata wale wa kwaya waliokuwa wanasinzia.

Somo lilikuwa laana za ukoo. Pasta Jackton akauliza: ni nani hapa ambaye kwao hakuna mtu amemaliza fom foo? Mama akanifinya mkono. Nikasimama. Mimi nikiona maiki siwezi kukaa.

Nikawaambia babu yangu aliiba asali kwa mzinga wa mzee fulani huko msitu wa Mau. Yule mzee akavua blanketi, akaangalia jua, akasema: uzao wako utaanza mambo na hautamaliza. Watu — uuuwi! Yesu! Nikamalizia, ndio maana mimi niliachia fom tu, kidato cha pili. Nikafuta machozi. Yalikuwa machozi ya kweli, kuna mdudu alikuwa ameingia kwa jicho.

Sasa ukweli, kwa vile hapa hakuna anayesoma. Nilifukuzwa fom tu kwa sababu nilipigia mwalimu mkuu simu nikiiga sauti ya baba, nikasema Robert ana homa. Sauti ilitoka safi kabisa. Shida ni kwamba mwalimu mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu, simu sikioni.

Hakuna nyuki yeyote kwa hiyo stori. Lakini ya mzinga ni tamu zaidi, lazima mtu akubali.

Jumatatu, 4 Agosti

Laana ni kitu kizuri sana. Mbona sikujua mapema?

Mama aliona nimechuna majani chai nusu kikapu tu. Nikamwambia polepole, ni ile mambo ya kutomaliza. Akaniangalia kwa huruma, akanimiminia mursik, yale maziwa yetu ya mala. Ng'ombe sijamaliza kukama — laana. Kuni nimepasua mbili — laana.

Dada yangu Chelangat ndiye haamini. "Wewe Robert, mbona ugali unamalizanga?"

Nikamwambia laana pia iko na mipaka yake.

Jumatano, 6 Agosti

Kule tunapouzia majani wananiita "Mzinga". Nimeanza kupenda. Dereva wa lori ya majani ameniuliza kama yule mzee aliyelaani alikuwa mrefu. Nikasema sana.

Koito ya Chelangat ni Jumamosi ijayo kutoka hii, tarehe 16. Watu wa mchumba wake, Kepher, watakuja kwetu kumwomba rasmi. Kepher ni fundi wa mashine pale kiwanda cha chai. Kwao ni Vihiga lakini alizaliwa hapa hapa kwa nyumba za wafanyakazi, Kipsigis anaongea kuliko pasta. Mama ameshapaka ukuta upya na kuacha kumwita ng'ombe kwa jina, ndio asimwonee huruma siku ya kuchinja.

Ijumaa, 8 Agosti

Kepher alikuja. Hakunywa chai. Kwa hii Kimulot yetu, mtu akikataa chai ujue kuna maiti.

Mamake, Mama Jerusa, ni mama maombi wa kanisa letu. Jumapili alikuwa laini ya tatu, anaandika. Amesema mtoto wake haoi kwa nyumba ya kuanza bila kumaliza. Ndoa itaanza, itakwama. Mimba zitaanza, zitakwama. Hatakanyaga koito mpaka hiyo laana ivunjwe, na yeyote atakayeivunja, ni lazima yeye aone kwa macho yake.

Nikajaribu kucheka. Nikasema, kwani mimba inakwama kama lori?

Hakuna aliyecheka. Chelangat alikuwa anaosha sufuria. Alipomaliza, akaanza kuiosha tena, ile ile.

Jumamosi, 9 Agosti

Sina kitu ya kujisifu leo.

Jumapili, 10 Agosti

Nimefanya kitu ngumu kuliko mtihani. Nimechukua maiki, nikasema: ndugu zangu, nilidanganya. Hakuna mzinga. Hakuna mzee. Nilifukuzwa shule kwa makosa yangu.

Nikasikia kuku wa pasta huko nje.

Kisha pasta akaruka — Haleluya! Mmeona? Roho ya uongo! Laana ikisikia moto inajificha! Inasema haiko!

Mama Jerusa naye akasimama na daftari yake. "Na huo uongo, kijana, umeurithi kwa nani?"

Nikibaki na uongo, ni laana. Nikisema ukweli, ni laana. Hata mimi nimeivulia kofia. Nilitengeneza kitu kwa dakika tatu, sasa kina akili kuliko mimi!

Chelangat alitembea mbele yetu njia yote mpaka nyumbani. Mgongo tu.

Jumanne, 12 Agosti

Nimepata! Mimi ni wakili nimezaliwa bure kwa shamba la chai!

Kwetu mtoto akizaliwa, wanawake wanataja majina ya jamaa waliokufa, moja moja. Lile ambalo mtoto atapiga chafya likitajwa, huyo ndiye amerudi. Mimi nilipiga chafya kwa Sigilai, babu mwenyewe. Nyanya yetu, Kogo, mjane wake, mpaka leo haniiti Robert. Ni Sigilai. Akiwa na furaha ananiita mzee wangu. Chelangat alipiga chafya kwa shangazi ya baba, mama mtulivu wa kufuga kondoo.

Basi nikamwendea pasta. Nikasema, kama babu alilaaniwa na babu alinirudia mimi, laana imekaa kwangu peke yangu. Chelangat inamhusu nini?

Pasta akafunga Biblia, akafungua, akafunga. Akampigia Mama Jerusa. Wamekubali! Ijumaa niende mtoni, nilikane jina la Sigilai kwa sauti, mashahidi wasikie, mlango ufungwe. Jumamosi koito inaendelea.

Chelangat amenipakulia nyama yake.

Alhamisi, 14 Agosti

Nilimwambia Kogo nikidhani atacheka. Yeye hucheka mambo yangu yote.

Akasema Sigilai hakuwahi kuiba hata hindi moja la mtu. Akasema, ulimwita mwizi mbele ya kanisa, sasa unamfukuza pia? Nikasema Kogo, ni maneno tu, ya kupitisha hii siku moja.

"Hata ya mzinga yalikuwa maneno tu."

Nikaokota fimbo yake, nikaanza kuipangusa.

Halafu akauliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi: nikiita jioni, ataitikia nani?

Ijumaa, 15 Agosti

Naandika nikiwa nimechutama katikati ya michai, juu ya mto. Suruali imelowa mpaka magotini. Maji ni baridi ya shetani.

Wote wako. Pasta ndani ya maji na gambuti. Mama Jerusa na taulo. Kepher anamwangalia Chelangat. Chelangat ananiangalia mimi — hakusema "sema", hakusema "usiseme". Mama anaomba macho yamefungwa.

Na Kogo. Hakualikwa. Ameteremka na fimbo yake mteremko wote ule, amekaa kwa jiwe ng'ambo ya pili, miguu pamoja, kama mgeni.

Pasta akasema, rudia nyuma yangu: nalikana jina la Sigilai. Nikasema "Na—". Ikakwama hapo. Nikajaribu tena. "Na—".

Mama Jerusa akaandika.

Nikasema naomba niende haja kidogo. Ndio niko hapa. Sina haja yoyote.

Nikilikana, kesho dada yangu anaombwa, mama anachinja, kila mtu anakunywa chai. Nisipolikana, ile sufuria itaoshwa mpaka itoboke. Mtu mwenye mdomo kama wangu, neno moja linanishinda!

Pasta anaita: Robert! Robert, saa inaenda!

Kogo naye, ng'ambo, sauti ile ya jioni ya kuita ng'ombe na watu: Sigilai!

Wameita pamoja. Nimeitika "Nakuja!" kabla sijajua nimemjibu nani —