Siku Mbili za Kushauriana

Bobo-Dioulasso, 3 Machi

Dada Dikore,

Nakutangazia wewe, ukoo mzima wa Sidibe na ng'ombe wake wote, kwamba leo, baada ya mvutano mkali, nchi mbili rafiki zimekubaliana kuhusu umbo la meza. Ni duara. Mimi sijambo, ila tumbo. Wewe na goti lako?

Kazi yenyewe, mkataba wa kulindana, bado. Kwamba adui wa mmoja ni adui wa wote, hilo limepita. Tunachogombania ni hiki: wenzetu wakiingia vitani, wanajeshi wetu wavuke mpaka papo hapo, au kwanza tukae siku mbili tushauriane? Mkuu wa ujumbe wao, Bwana Sanou, hataki hata kuzisikia hizo siku mbili. Ni Mbobo, mtani wetu sisi Wafulani wachunga ng'ombe. Kila nikifungua mdomo ananiuliza maziwa nimemwachia nani.

Mdogo wako,
Demba

Sikasso, 9 Machi

Demba mdogo wangu,

Goti linauma, tunashukuru. Meza nimeisikia.

Sasa nisikilize. Mwanangu Yoro yuko kikosi cha mpakani, na huko siku hizi wanalala na viatu miguuni. Siku mbili watu wapoe, pengine mtoto atapona. Usirudi bila hizo. Na huyo Mbobo si mtani? Muombe kama mtani, mbele za watu. Tangu lini Mbobo akamnyima Mfulani hadharani?

Dada yako,
Dikore

Bobo-Dioulasso, 15 Machi

Dada yangu,

Goti limetulia? Tumezipata! Nilisimama mbele ya mawaziri nikasema, "Sanou, mtumwa wangu, bwana wako anataka siku mbili." Ukumbi mzima ukacheka. Akajikuna kidevu. "Mpeni bwana, asije akalia ng'ombe wakakosa usingizi." Ikaandikwa.

Halafu akanyoosha mkono. "Na mimi mtani wako unanipa nini?" Nikamwambia omba. Akaomba kwamba sisi tukiwa tunashauriana, wanajeshi wasikae bure, wavuke tu, watusubiri huko. Dada, watu wote walikuwa wananitazama. Mtani ningemnyimaje? Ikaandikwa nayo.

Usihofu lakini. Wenzetu hawana ugomvi na mtu mwaka huu.

Mdogo wako,
Demba

Sikasso, 22 Aprili

Demba,

Hatujambo.

Yoro alivuka mpaka Jumatatu, na kikosi chake chote. Redio imesema mashauriano yenu yataanza Alhamisi.

Mama yake Yoro