Vikombe vyenye Nywele

Jumatatu, 3 Novemba

Mkuu yuko mafunzoni hadi kesho. Niko peke yangu kaunta ya ofisi ya misitu, na ninaomba asije mtu.

Kaja. Mama fundi cherehani wa nyuma ya soko, na kikapu cha uyoga wa msituni. Hauna shina wala kofia — vikombe vidogo tu, ndani vyeupe kama maziwa, nje kahawia na nywele fupi ngumu, kama kidevu cha mtu aliyekosa wembe. Kauliza vinalika?

Mimi kazi yangu kupokea. Kuchunguza ni kwa mkuu. Nilitaka kumwambia hivyo, ulimi ukagoma. Nikatia vichache kwenye mfuko wa karatasi, nikamwandikia stakabadhi, nikatia jina langu, nikagonga muhuri: IMEPOKEWA.

Akautazama muhuri, akacheka. "Basi serikali imekubali, mwanangu."

Nikacheka pia. Nilidhani ni utani. Akaondoka na kikapu chake.

Jumanne, 4 Novemba

Mkuu amerudi. Kaanza na lenzi, kisha hadubini. Anasema vikombe vya kahawia viko vya namna nyingi, na kwa macho vinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Kanionyesha nywele: zimechongoka ncha. Kisha spora, zile mbegu zake ndogo mno: zina vipele, na kila moja ina matone mawili ya mafuta ndani. Huenda ni uyoga wa jamii ya Humaria, kasema. Niandike "huenda" kwenye lebo.

Nikauliza, kama mtu anayepitisha muda tu, iwapo Humaria inalika.

"Jina lenyewe ni la huenda, kijana. Huenda hailiwi." Halafu akainua kichwa. Vingine viko wapi?

Kwa mama, nikasema.

Ulimwambia asile?

Nikaweka kalamu chini. Akanionyesha mlango: kimbia kwake, sasa hivi.

Jumanne hiyo hiyo, jioni

Naandika nikiwa sebuleni kwa fundi. Wamekula mchana, yeye na mumewe. Stakabadhi yangu iko ukutani juu ya cherehani, imechomwa pini.

Mzee amelala kwenye kochi. Anasema tumbo linanguruma. Mkewe anasema hilo linanguruma tangu siku ya harusi.

Nimempigia mkuu. Anakuja na gari la ofisi. Kaagiza kilichobaki kwenye sufuria kisimwagwe.

"Mbona jasho hivyo, mwanangu? Si mligonga muhuri?"

Hapo nimemwambia. Kwamba muhuri ule ni wa kupokea tu, na kwamba hakuna aliyesema vinalika. Sauti imetoka, nashangaa.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Amechomoa pini, ameikunja stakabadhi mara mbili, ameitia kwenye mfuko wa shati la mumewe.

"Waione hospitali," amesema. "Ina jina lako."

Gari bado. Mzee ameomba beseni.