Hedifoni za Baba

Jumapili, tarehe 19, mwezi wa saba

Kwako Kaka yangu,

Nakusalimu kwa moyo wote, nikitumaini barua hii itakukuta mzima na kile kikohozi ulichokitaja kimekwisha. Hapa nyumbani mimi sijambo. Baba anakula vizuri, ila magoti yanamsumbua akipanda ngazi za karakana. Mengine ya afya yake nitayasema huko mbele, maana ndiyo yaliyonikalisha kuandika.

Nimefungua shajara yangu nisije nikachanganya tarehe. Najua utasema Karani ameanza. Unicheke tu, ila soma mpaka mwisho.

Tarehe 3 mwezi wa pili ulinitumia ile orodha. Ulitaka nimchagulie Baba hedifoni za bei tunayoimudu, laini, ili azivae muda mrefu bila kuumia. Ziwe zimezibwa nyuma, kelele za nyundo zisiingie na nyimbo zako zisitoke. Ziwe nyepesi, aweze kutembea nazo. Miaka sita wewe na Baba hamkuwa mmesemezana, tangu ulipoiacha nyundo ukafuata gitaa. Sasa ulikuwa umemrekodia nyimbo nne, na wa tatu ulikuwa wa kumwomba radhi.

Mimi na Baba tulizunguka maduka matatu. Sikutaka kununua kwa kutazama boksi, kwa hiyo kila jozi niliivaa dakika kumi kwa saa. Za kwanza zilikuwa na besi nzito, lakini zilibana kama koleo. Za pili zilikalia sikio badala ya kulizunguka, zikanitoa jasho, tena zilivujisha sauti hata muuzaji upande wa pili wa kaunta akawa anaimba pamoja nami. Za tatu zilimeza sikio zima. Mito yake ni ya kitambaa, zinakunjika zikaingia mfuko wa koti, na waya wake unachomoka, ukikatika unanunua waya tu. Besi yake ni ya wastani, lakini sauti ya mwimbaji inasikika wazi. Nikampa Baba ajaribu.

Alizivaa, akatikisa kichwa kulia na kushoto, akainama kama anayeokota msumari, akavua miwani na kuivaa tena kuona kama itamfinya. Waya haujachomekwa popote, Baba akasema hizi hizi. Muuzaji akamuuliza kama mzee ananunua muziki au kofia. Tulicheka, naye akacheka baada yetu.

Tangu siku hiyo hazivui. Mafundi wa karakana za jirani wamembatiza Mzee Disko, wanasema ujana umemrudia uzeeni. Wateja humgusa bega, wakamwonyesha kwa mikono ukubwa wa ndoo au sanduku wanalotaka, naye hupima na kukata bati. Sisi tuliokulia kwenye kelele zile tumezoea kusemeshana kwa mikono, hivyo sikushangaa.

Tarehe 22 mwezi huo huo nilimwekea nyimbo zako zote kwenye simu yake. Alifumba macho. Ulipokwisha wa tatu nilimgusa goti, akasema nikwambie amesikia. Ndivyo nilivyokuandikia, na hayo aliyasema kweli.

Tarehe 9 mwezi wa nne alisahau simu mezani, nikamfuatia karakana. Nilimkuta ameinamia bati, hedifoni masikioni, kichwa kinakwenda taratibu kama cha mtu anayefuata mdundo. Waya ulikuwa umeingia mfuko wa shati, na simu ilikuwa mkononi mwangu. Nilimwita mara tatu. Nilipozunguka mbele aliniona, akatabasamu, akasema wimbo ule wa tatu umemwingia. Nikauvuta waya kutoka mfukoni, nikamwonyesha ncha yake.

Kaka, Baba hasikii. Sikio la kushoto lilikufa kabla Mama hajatutoka, la kulia likafuata mwaka jana. Nyundo ndizo zilizoyamaliza. Akivaa hedifoni hakuna anayemwita kiziwi, wanamwambia tu azivue. Ndiyo maana alitaka zisizomuumiza, kwa sababu huzivaa asubuhi mpaka jioni. Alinisihi nisikwambie. Alisema ukijua utajilaumu kwamba ulimwachia nyundo peke yake.

Nikanyamaza. Kosa linalofuata ni langu, Baba hahusiki. Ulipouliza kama alilia, nilikujibu kwamba alilia. Nilikuandikia pia kwamba alisema amekusamehe. Hayo niliyatunga mwenyewe tarehe 14 mwezi wa nne, kwenye meza hii hii, na katika shajara hayamo, maana humu siandiki nisichokiona. Nilidhani nakutua mzigo. Barua yako ya juzi ndiyo iliyonivunja. Unasema kwa kuwa Baba amekwisha kukusamehe roho yako imetulia, kwa hiyo huji tena mwezi ujao, utasaini kazi ya miaka miwili na bendi ya melini. Kaka, Baba ana miaka sabini na mitatu.

Jana nilimweleza yote taratibu, akinitazama midomo, pamoja na uongo wangu. Nikamwandikia maneno ya wimbo wa tatu kwa herufi kubwa. Aliyasoma amesimama, akaketi, akayasoma tena. Hakulia. Alikunja karatasi, akaiingiza ndani ya mto wa hedifoni. Alisema maneno hayo hawezi kuyajibu kwa karatasi, uje umwambie mwenyewe, ana kwa ana. Sijui atakujibu nini, wala sitakutungia tena.

Nisamehe, kaka yangu. Ukinikasirikia nitakuelewa, lakini usisaini kabla hujafika hapa.

Jirani yetu mshonaji anakusalimu sana, na mimi nakuombea safari njema, ukikubali kusafiri. Ukifika, keti dirishani penye mwanga, sema polepole, usigeuze uso. Na tafadhali nyoa masharubu. Jana Baba aliishika picha yako muda mrefu, akapitisha kidole juu ya mdomo wako, akasema kwa masharubu hayo hataona hata neno moja.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Karani