Togwa Kaburini kwa Babu

Mjukuu wangu Skola,

Marahaba. Sisi huku Maposeni ni wazima. Baba yako ameshalima, tunangoja mvua tupande mahindi. Dada yako amejifungua salama, mtoto wa kike.

Unauliza nani anawakumbuka marehemu vizuri zaidi: watu wa huko Polandi uliko wanaowasha mishumaa kimya kimya, au rafiki yako wa Meksiko ambaye kwao hupeleka chakula makaburini na kucheka.

Nilipokuwa msichana, bibi yangu alibeba togwa Siku ya Marehemu Wote, ingawa katekista alikuwa amekataza kupeleka chakula au kinywaji makaburini. Baada ya misa akamimina kidogo juu ya kaburi la babu yangu. Katekista akatukuta palepale. Niliogopa bibi atanyimwa komunyo.

"Mama, Jumapili nilisema nini?"

"Ulisema, mwanangu. Lakini huyu mzee hakuwahi kwenda shamba bila togwa. Leo nimjie mikono mitupu?"

Katekista akaketi chini. "Ndiye aliyenifundisha kulima," akasema. "Nikichoka, alinipa togwa yake."

Bibi akamjazia kikombe. Wakasimulia vituko vya babu mpaka nami nikacheka. Halafu katekista akatuongoza kusali, na bibi akalia.

Mpaka leo sijui nani kati yao alimkumbuka vizuri zaidi. Kwa hiyo washa mshumaa, na ukialikwa kula, kula.

Mimi juzi nilikaa kaburini kwa mume wangu, nikamweleza habari zako zote. Nilirudi nyumbani nimeridhika.

Bibi yako,
Mama Kandida