Gari Jekundu na Kaburi la Malefetsane

Mohlakeng, Jumatatu

Kwa Papa mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, pamoja na za Mama, ambaye hajambo ila magoti. Kifua chako kinaendeleaje na vumbi la huko Upington? Sisi wazima, na mimi leo furaha imenijaa hadi kooni, kwa hiyo kaa kitako usome polepole.

Jumamosi tulizindua jiwe la kaburi la rafiki yako Malefetsane. Watu walikula mikate ya dombolo ya kuchemsha na nyama ya kichwa mpaka wakalegeza mikanda. Familia ilitaka gari lizungushwe kama pia barabarani, matairi yakitoa moshi, kwa heshima yake, maana mzungusha magari haagwi kwa nyimbo tu. Nikasema nitazungusha mimi. Bra Stix, kaka yetu wa mtaani anayebandika watu majina, alicheka mpaka akakohoa, akauliza, "Wee binti wa Kanyaga-Achia, nawe unataka kumzimikia marehemu mara ya pili?"

Niwie radhi kuliandika jina hilo, Papa. Najua linavyokuuma. Tangu siku ile ya maziko yake, injini ilipokuzimikia ukizungusha gari mbele ya jeneza, watu walisema uliingiwa na woga ukaondoa mguu kwenye pedali ya mafuta. Kibaya zaidi, hata wewe ulisadiki, ukahama mji.

Mimi sikusadiki hata siku moja. Gari nililokuwa nalitengeneza lilikuwa na ugonjwa huohuo: likienda mbele, halina neno, likianza kuzunguka, linakohoa, linakata. Kila fundi alilaumu pampu. Tukabadilisha pampu, wapi! Mwishowe nilitia maji kidogo kwenye sinia la Mama, nikalizungusha. Maji yote yakakimbilia ukingoni, katikati pakabaki pakavu. Nikapiga kelele jikoni peke yangu. Tangi pana lisilo na kuta ndani ni sinia tu! Petroli inakimbilia upande, bomba linanyonya hewa, injini inakufa kwa kiu hali mafuta yamo.

Basi nikaliosha tangi na kulikausha vizuri kabla ya kuligusa kwa moto, kama ulivyonifunza, nikachomelea kuta ndani. Kuzunguka bomba nikajenga kisanduku chenye vilango vinavyofunguka kwa ndani tu, petroli iingie isitoroke. Kisha nikafunga kitangi kingine, chembamba na kirefu. Pampu moja inakijaza, nyingine inavuta chini yake kulisha injini, hivyo tangi kubwa likiyumba, akiba ipo.

Papa, ungeniona! Nilizungusha mpaka moshi ukameza nyumba za jirani. Nilitoa nusu ya mwili dirishani, na injini haikukohoa hata mara moja. Mjane wa Malefetsane alipiga vigelegele huku analia. Mama alifumba macho mwanzo hadi mwisho, na sasa anawasimulia watu kila kitu kana kwamba aliona. Mimi najivunia, na sioni haya kusema.

Sasa nikwambie nililokuficha. Gari hilo ni lako, lile jekundu. Mama hakuliuza, alilificha kwa mjomba akakudanganya kuwa limeuzwa, maana alijua iko siku utalitaka. Na tangi ni lile ulilolichomelea mwenyewe. Nilisita sana kuandika hili, maana wewe ndiwe fundi na mimi ni mwanafunzi wako, lakini kosa lilikuwa la tangi, Papa. Kosa la mikono, si la moyo. Mguu wako ulikuwa palepale. Hukuogopa.

Bra Stix nilimfungulia tangi jingine la aina hiyo, nikalizungusha mbele yake na maji ndani. Akaniomba nikutake radhi kwa niaba yake. Nilimkatalia. Nilimwambia mdomo uliotoa jina ndio utakaolifuta.

Wasalimie majirani zako wote, na uvae sweta jioni. Huyo aliyekukabidhi barua hii, anayekwepa macho yako sasa hivi mlangoni, amesafiri usiku kucha. Mpe chai kwanza, Papa, ndipo umwache aseme.

Ni mimi binti yako,
Boitshepo