Sauti ya Marehemu Kwenye Spika za Stesheni

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Fundi Waya (ni jina la kazini, lakini hata nyumbani wameshalizoea)
Umri: Miaka 51
Kazi: Fundi wa vipaza sauti, stesheni ya treni
Makazi: Nyumba za wafanyakazi, nyuma ya stesheni

Ninaeleza niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Mengine hata sasa mwili unanisisimka nikiyataja, afande, kwa hiyo nivumilie.

Matangazo yote ya stesheni yetu yalirekodiwa kwa sauti ya mwanamke mmoja. Alifariki mwezi wa tatu mwaka huu kwa maradhi ya moyo. Sauti yake haikuondolewa, maana treni hazijui msiba. Marehemu aliniita kaka, kwa hiyo binti yake wa miaka kumi na tano ananiita mjomba.

Baada ya mazishi, binti huyo alianza kuja kila alasiri akitoka shule. Anakaa kwenye benchi la jukwaa la pili, chini ya spika. Hasafiri. Anamsikiliza mama yake akiwakataza watu kuvuka reli. Baba yake, ambaye ni fundi rangi, alinipigia simu. "Shemeji, mwache asikilize, ila niangalizie," alisema. "Huyo ndiye niliyebaki naye."

Kwenye benchi hilo ndipo alipopata rafiki, msichana wa miaka ishirini na kitu, muuza vocha. Abiria walimbandika jina la Asali kwa sababu ya ulimi wake. Nilifurahi nikidhani mtoto amepata wa kumliwaza.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, jioni, binti alipanda mbio hadi chumba cha matangazo. Asali alikuwa amemwachia simu amshikie wakati akienda msalani. "Mjomba," aliniambia, "mama anaongea na mimi." Akaniwekea simu sikioni. Nikasikia: "Mtoto. Usibaki nyuma. Shika mkono. Panda. Safari njema."

Nilishika meza. Ilikuwa sauti ya marehemu, na pumzi ilikuwa yake. Halafu sikio la kazi likazinduka. Nyuma ya neno "mtoto" palikuwa na filimbi ya treni, na filimbi hiyo naijua, iko kwenye tangazo la kuwashika watoto mkono. Mtu alikuwa amerekodi spika zetu kwa simu, akakata neno moja moja, akayaunga. Kusema kweli, kazi ile ilinitisha kwa uzuri wake. Mimi mwenyewe nisingeiweza.

Nikamweleza. Alinitazama kama anayemtazama mwizi. "Asali alisema watu wazima mtasema hivyohivyo. Unaona wivu kwa sababu wewe hakusemeshi." Akashuka.

Jioni hiyohiyo nilimweleza baba yake. Alipombana binti, ikajulikana kwamba Asali ndiye aliyekuwa akiamua lini mama aongee. Binti akimtii, anasikilizishwa. Akibisha, anaambiwa mama kanuna. Kwa ajili hiyo alikuwa ameshaachana na wenzake wote wa shule. Baba alimkataza kukanyaga stesheni, lakini ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu.

Mnamo tarehe 14, muda mfupi kabla ya saa kumi alasiri, nilimwona binti kupitia dirisha langu. Alikuwa amevaa sare ya shule, ana begi la nguo. Asali amemshika mkono, wanapanda treni inayokwenda hadi mwisho wa reli, safari ya kulala njiani. Nilimpigia mkuu wa stesheni, simu ikaita bila kupokelewa. Kati yangu na jukwaa la pili kuna daraja la ngazi, na goti langu nalo lina mambo yake.

Kwenye mashine kuna mabaki ya siku tuliyorekodi, ambayo sikuwahi kuyafuta. Siku ile marehemu alipigiwa simu na binti yake, akasahau kwamba maikrofoni iko wazi. Nilifungua spika zote, nikayaachia.

"Umekula? Sijauliza kama umekula, nimeuliza umekula nini. Chai tupu si chakula, usinichezee. Nguo umeanua? Mvua hiyo inakuja. Haya, mama yangu, ngoja niwaondoe hawa abiria, nakuja." Akakohoa, akacheka. "Samahani kaka, bosi wangu huyo."

Afande, sijawahi kuona stesheni ikinyamaza. Wapagazi walitua mizigo. Dereva wa treni alitoa kichwa nje akatazama juu. Hata mimi niliyebonyeza kitufe niliingiwa na hofu, kama nimebisha hodi mahali ambapo hapana mtu, nikaitikiwa.

Binti alishuka. Alisimama chini ya spika, akainua uso, akajibu kwa nguvu hata nikamsikia huku juu: "Nimeanua, mama."

Nimeulizwa kama Asali alitumia nguvu. Hapana. Alibaki mlangoni mwa behewa, mkono bado kaunyoosha. Walinzi walipomshusha alikuwa akilia. Alisema, "Sikujua alikuwa anaongea hivyo." Alisema pia kwamba hakutaka kwenda peke yake.

Nilipofika jukwaani nikihema, mashine ilitangaza yenyewe kama kawaida, kwa sauti ileile: treni inaondoka, safari njema. Niliogopa binti atairukia. Nikamshika begi. Yeye aliitazama treni mpaka behewa la mwisho.

"Hapo yuko kazini, mjomba," alisema. "Twende nyumbani."

Haya ndiyo niliyoyashuhudia. Sikutia chumvi, ingawa najua yana ladha ya chumvi.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa) Fundi Waya

Maelezo haya nimeyaandika mimi, ofisa wa zamu, nikamsomea shahidi, naye amekiri kuwa ni yake. Simu ya mtuhumiwa imechukuliwa kuwa kielelezo. Rekodi iliyochezwa stesheni nimeisikiliza mwenyewe, mara mbili.