Heshima ya Mkwe

Ngana, Kyela

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Miguu bado inakuvimba? Na Bibi, anakula vizuri? Mimi mzima. Mvua imekatika siku chache, joto la huku limetushukia.

Wiki iliyopita niliwafundisha wanafunzi maneno ya tabia njema: adabu, heshima, staha, haya. Niliyaeleza kama ulivyonifunza Tanga, kwamba adabu huonekana kwa watu, haya hukaa moyoni. Nilipomsimulia Mama Tumpe, mwenye nyumba wangu, alicheka. "Sisi Wanyakyusa tuna ukutila, mwalimu. Ni kuheshimu, na ni kuogopa."

Asubuhi yake tulipita shambani kwake, kwenye kokoa. Majani makavu yakalia mbele yetu, hatua za mtu mzima, taratibu. Mama Tumpe akaruka pembeni, akachuchumaa nyuma ya mgomba, akajifunika uso kwa kanga. Hatua zikanipita, mama. Sikuona mtu. Ilibaki harufu ya tumbaku.

"Nani huyo?"

"Baba mkwe. Mwanamke hakutani na mkwewe njiani."

"Si uliniambia mlimzika?"

"Tulimzika."

Ndipo akanieleza. Mzee aliugua, na siku hiyo walibaki wawili tu nyumbani. Mama Tumpe alimsikia ng'ambo ya ukuta akiomba maji. Mila ilimkataza kuingia alipo mkwewe, basi akakimbilia shamba la mpunga kumwita mumewe. Waliporudi, mzee ameshakata roho.

"Msibani walinisifu, mwalimu. Walisema, huyu mke ana heshima."



Jana alibeba kikombe cha maji. Majani yalipolia, safari hii mimi ndiye niliyejificha. Yeye alipiga magoti katikati ya njia, uso wazi, kikombe kwa mikono miwili.

"Baba, karibu maji."

Hatua zikasimama mbele yake. Hazikuendelea, wala hazikurudi. Tulingoja mpaka jua likapanda, kisha akakiweka kikombe chini, tukaondoka kinyumenyume.

Leo tumepita njia ya mtoni. Nilimuuliza kama moyo umetulia.

"Sijui," akasema. "Sijui kama amenisamehe, au bado ananitazama."

Nisalimie Bibi, Shangazi na cherehani yake, na kaka yangu fundi seremala. Niombee dua, mama, na umwombee na huyu mwenzangu.

Mwanao,
Mwanaidi